Ndege ndogo katika hali mbaya ya hewa: Vifaa vipi vitangulie?

ASUBUHI ya Juni 7, 2018, baada ya msako wa siku mbili uliokwamishwa na mvua na ukungu, mabaki ya ndege aina ya Cessna 208 Caravan yalionekana katika milima ya Aberdare nchini Kenya. Ndege hiyo ilikuwa imeondoka Kitale Juni 5 kuelekea Nairobi ikiwa na abiria wanane na marubani wawili. Hakuna aliyenusurika.

Miaka 15 kabla ya hapo, Julai 19, 2003, ndege ya kukodi yenye injini mbili iliyotoka Uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda Samburu iligonga Kilele cha Lenana katika Mlima Kenya. Watu wote 14 waliokuwamo walipoteza maisha.

Milima hiyo imo katika kila ramani ya marubani wa Afrika Mashariki na haijahama. Kinachobadilika ni hali ya hewa inayoifunika, na hapo ndipo linapozuka swali la wamiliki na marubani wa ndege ndogo: ndege ibebe vifaa gani ili wingu lisigeuke kaburi, na kama fedha hazitoshi kununua vyote, ni vipi vitangulie?

Swali hilo si la matajiri peke yao. Ndege za injini moja au mbili ndizo zinazopeleka watalii Serengeti na Maasai Mara, wagonjwa kutoka vijijini hadi hospitali kubwa, na mizigo kwenye viwanja visivyofikika kwa barabara wakati wa masika. Huduma ya madaktari warukao ya AMREF ilianzia Nairobi mwaka 1957 kwa ndege za aina hiyo. Ndege kubwa ya abiria hupanda haraka na kupita juu ya sehemu kubwa ya mawingu. Ndege ndogo husafiri ndani ya mawingu hayo au chini yake.

Sikio linapodanganya

Binadamu hukaa wima kwa msaada wa macho, misuli na umajimaji ulio katika sikio la ndani. Akiwa ardhini, vitatu hivyo hukubaliana. Ndani ya wingu, macho hayaoni upeo, na umajimaji wa sikio hauwezi kutambua mpinduko wa polepole. Ndege ikianza kulalia bawa moja taratibu, rubani huhisi kuwa bado iko sawa. Akiirudisha katika hali ya usawa, huhisi kuwa sasa ndiyo imeinama, naye huilaza tena upande uleule wa hatari. Mwisho wake ni ndege kuzunguka kwa duara linalozidi kubana huku ikishuka kwa kasi.

Mwaka 1954, watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwapima watu 20 wasiokuwa na mafunzo ya kuruka kwa vifaa, katika mazingira yanayofanana na ya ndani ya wingu. Wote 20 walipoteza udhibiti wa ndege. Kwa wastani iliwachukua sekunde 178, yaani muda usiotimia dakika tatu.

Dawa ya udanganyifu huo ilikuwa imekwisha kupatikana. Septemba 24, 1929, katika uwanja wa Mitchel Field, New York, rubani Jimmy Doolittle alipaa, akazunguka na kutua akiwa amefunikwa asione nje, akitegemea vyombo vilivyokuwa mbele yake tu. Miongoni mwake vilikuwamo upeo bandia na dira ya jairo vilivyotoka kwa Sperry, pamoja na kipima kimo sahihi kilichobuniwa na Kollsman. Rubani mwingine alikaa katika kiti cha pili kwa tahadhari, lakini hakugusa usukani.

Vyombo sita na uti wa mgongo wake

Ndege ndogo ya kawaida ina vyombo sita vya msingi. Vitatu hutegemea msukumo wa hewa ya nje: kipima mwendo, kipima kimo, na kile kinachoonyesha kasi ya kupanda au kushuka. Vitatu vingine hutegemea jairo, kigurudumu kinachozunguka kwa kasi kama pia ya mtoto na ambacho hukataa kuinama hata ndege inapoinama. Hivyo ni upeo bandia, dira ya jairo na kipimo cha kugeuka.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi ni nini kinachozungusha majairo hayo. Katika ndege nyingi za zamani, upeo bandia na dira huzungushwa na pampu ya kufyonza hewa inayoendeshwa na injini, wakati kipimo cha kugeuka hutumia umeme. Mgawanyo huo ni wa makusudi: njia moja ikifa, nyingine ibaki.

Pampu hizo, hasa zile zisizotumia mafuta ya kulainisha, zina vibati vya kaboni ambavyo huweza kuvunjika bila dalili yoyote. Tatizo kubwa ni kwamba upeo bandia hauanguki mara moja pampu inapokufa. Jairo hupungua kasi kidogo kidogo, picha ya upeo ikainama taratibu, na rubani aliyezoea kukiamini chombo hicho huinamisha ndege ili kuifuata.

Oktoba 16, 2000, Gavana wa jimbo la Missouri, Marekani, Mel Carnahan, alikufa pamoja na mwanawe aliyekuwa akiirusha ndege na msaidizi mmoja, baada ya ndege yao ndogo aina ya Cessna 335 kuanguka usiku katika hali mbaya ya hewa. Bodi ya Usalama wa Usafirishaji ya nchi hiyo, NTSB, ilieleza kuwa rubani alipotewa na mwelekeo, na kwamba kuharibika kwa upeo bandia wa upande wake kulichangia ajali hiyo.

Kwa sababu hiyo, kifaa cha kwanza kununuliwa na mtu anayetaka kuingia mawinguni kinapaswa kuwa upeo bandia wa pili, wenye chanzo chake chenyewe cha nguvu. Tangu mwaka 2016, Mamlaka ya Anga ya Marekani, FAA, imeruhusu vyombo vidogo vya kielektroniki vyenye betri zake vifungwe katika ndege nyingi za zamani badala ya vile vya jairo. Betri hiyo ikiwa nzima, hata umeme wote wa ndege ukizimika rubani hubaki na upeo wa kutazama kwa muda wa kutosha kutafuta anga iliyo wazi.

Kioo kikubwa cha rangi kinachoonyesha kila kitu kwa pamoja hupendwa zaidi na wanunuzi, nacho kina faida zake. Hata hivyo, utafiti wa NTSB uliotolewa mwaka 2010, uliolinganisha ndege ndogo zenye vioo hivyo na zile zenye vyombo vya kizamani, ulikuta kwamba ndege zenye vioo hazikuwa na nafuu katika ajali za vifo. Kiwango chake kilikuwa cha juu zaidi. Bodi hiyo ilisisitiza mafunzo yanayolingana na kifaa chenyewe.

Hilo halikuwa jipya. Februari 3, 1959, mwanamuziki Buddy Holly na wenzake wawili walikufa pamoja na rubani wao karibu na Clear Lake, Iowa, usiku wa theluji. Rubani huyo, aliyekuwa na umri wa miaka 21, hakuwa na leseni ya kuruka kwa vifaa. Wachunguzi waligundua pia kwamba upeo bandia uliokuwa katika ndege hiyo ulionyesha kupanda na kushuka kinyume cha ule aliojifunzia.

Barafu katika nchi ya joto

Msomaji wa Mwanza au Mombasa anaweza kudhani kwamba habari za barafu ni za Wazungu. Kwa upande wa mabawa, dhana hiyo ina ukweli kiasi. Kwa upande wa injini, ni dhana inayoua.

Injini nyingi za ndege ndogo hutumia kabureta. Hewa inapopita katika koo jembamba la kabureta na petroli inapogeuka mvuke, joto hushuka kwa ghafla, na kushuka huko kunaweza kuzidi nyuzi 30 za Selsiasi. Unyevu uliomo katika hewa hiyo huganda na kuziba njia. FAA inaeleza kuwa hatari huwa kubwa zaidi joto la nje likiwa chini ya nyuzi 21 na unyevu ukizidi asilimia 80, lakini inaonya kuwa barafu hiyo inaweza kutokea hata katika nyuzi 38 iwapo unyevu unafika asilimia 50. Hewa ya pwani au ya kando ya Ziwa Victoria baada ya mvua huangukia ndani ya mipaka hiyo bila shida.

Kinga yake ni mkono mdogo unaoingiza hewa ya moto kutoka kwenye bomba la moshi. Kifaa hicho kimo katika kila ndege yenye kabureta. Kinachopungua ni kukitumia ipasavyo. Rubani anapouvuta mkono huo wakati barafu imeshaota, injini hutetemeka na kupungua nguvu zaidi kwa muda, kwa kuwa barafu inayeyuka na kupita kama maji. Asiyejua hushtuka na kuurudisha, na kwa kufanya hivyo huondoa kitu pekee kilichokuwa kikimwokoa. Kipimo cha joto la kabureta ni nyongeza ndogo yenye thamani kubwa katika ukanda huu. Ndege aina ya Cessna 172 zilizotengenezwa tangu uzalishaji wake ulipoanza upya mwaka 1996 hazina kabureta, bali hupuliza petroli moja kwa moja kwenye injini, hivyo hazina ugonjwa huo.

Ugonjwa mwingine wa masika ni maji katika petroli. Vifuniko vya matangi vilivyolala sawasawa na bawa, vilivyowekwa katika ndege nyingi za Cessna za zamani, vinajulikana kwa kupitisha maji ya mvua mpira wake unapochakaa. Kuvibadilisha na vile vilivyoinuka kama mwavuli ni kazi ndogo kuliko kufunga rada. Vilevile, petroli inayotoka kwenye mapipa katika viwanja vya porini inapaswa kuchujwa, na matangi kutolewa maji kila asubuhi kabla injini haijawashwa.

Kibomba kidogo chini ya bawa

Kipima mwendo hupata taarifa zake kupitia kibomba kinachoelekea mbele, kiitwacho pito. Kikizibwa na barafu, matope au mdudu aliyejenga ndani yake, rubani husoma mwendo wa uongo. Juni 1, 2009, ndege kubwa ya Air France iliyokuwa na watu 228 ilianguka katika Bahari ya Atlantiki baada ya vibomba vyake kuziba kwa chembe za barafu kwa muda mfupi, na marubani wakashindwa kuidhibiti. Kwa ndege ndogo, kinga ni kibomba chenye umeme wa kukipasha moto, pamoja na tundu la akiba la hewa ndani ya chumba cha rubani. Mfuniko wa kitambaa ndege inapolala uwanjani huzuia wadudu, ilimradi uondolewe kabla ya kuruka.

Kuijua ngurumo ilipo

Katika Ziwa Victoria, upepo wa nchi kavu hukutana juu ya maji nyakati za usiku na kuinua mawingu ya radi hadi alfajiri, wakati nchi kavu mawingu hayo hukomaa zaidi alasiri. Kwa hiyo rubani wa Mwanza na Bukoba hana saa za usalama zilizo wazi katika miezi ya mvua. Hata ndege zilizo kubwa zaidi hazisamehewi: Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 ilianguka ziwani ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa, na watu 19 kati ya 43 waliokuwamo walikufa.

Hakuna kifaa kinachoiwezesha ndege ndogo kupita ndani ya wingu la radi. Vilivyopo ni vya kulionyesha ili likwepwe, na ushauri wa FAA ni kukaa angalau maili 20 za baharini, yaani kilomita 37, kutoka kwenye dhoruba kali.

Rada ndogo, ambayo katika Caravan hufungwa kwenye kibuyu chini ya bawa, huona matone ya mvua. Udhaifu wake ni kwamba mvua kubwa iliyo karibu hulimeza wimbi lake, hivyo eneo lililo nyuma ya mvua hiyo huonekana jeupe na salama ilhali huenda ndiko kwenye moyo wa dhoruba. Kifaa cha pili, kilichobuniwa na Mmarekani Paul Ryan katika miaka ya 1970 na kujulikana kama Stormscope, hakioni mvua bali husikiliza cheche za umeme wa radi. Ni cha bei nafuu kuliko rada, huingia katika ndege yenye injini moja ya mbele, na kwa anga la kitropiki lenye radi nyingi ni chaguo la busara, ingawa hukadiria mwelekeo vizuri kuliko umbali.

Picha za mvua zinazotumwa kwenye skrini kutoka ardhini au kwa setilaiti zimebadilisha urubani wa Marekani, ambako kuna mtandao mpana wa rada. Lakini mwaka 2012 NTSB ilionya kwamba picha hizo zinaweza kuwa za dakika 15 hadi 20 nyuma kuliko muda unaoandikwa kwenye skrini. Wingu la radi huweza kuzaliwa na kukomaa katika muda huo. Zinafaa kwa kupanga safari, hazifai kwa kutafuta upenyo kati ya mawingu mawili.

Milima na oksijeni

Mfumo wa GPS wenye ramani ya miinuko, unaopiga kelele ndege inapoukaribia mlima, sasa hupatikana hata katika vifaa vidogo vya kubeba mkononi. Marekani imeulazimisha tangu mwaka 2005 kwa ndege zenye injini za tabo na viti sita au zaidi vya abiria. Kwa njia za Nairobi, Arusha na Moshi, ni vigumu kueleza kwa nini ndege yoyote ya kukodi iruke bila kitu cha aina hiyo.

Kifaa kisichotajwa sana katika mjadala wa milima ni mtungi wa oksijeni. Milima ya Aberdare hufika takriban mita 4,000, na ndege nyingi ndogo hazina hewa iliyoshindiliwa. Viwango vya kimataifa vya ICAO huwataka marubani watumie oksijeni wanapokaa zaidi ya dakika 30 kati ya takriban mita 3,000 na 4,000, na muda wote wakiwa juu ya hapo. Ndege isiyokuwa na mtungi humsukuma rubani wake achague njia ya chini, kati ya vilele, hata pale injini inapokuwa na nguvu za kupita juu.

Kuna pia ukweli ambao hakuna fundi anayeweza kuurekebisha kwa kufunga kifaa. Viwanja vingi vya mbugani ni njia za murramu zisizo na mitambo ya kuongozea ndege wala taratibu zilizoidhinishwa za kushuka kupitia mawinguni. Rubani aliyeondoka Nairobi au Dar es Salaam kwa kanuni za kuruka kwa vifaa hulazimika kumalizia safari kwa macho yake. Wapo wanaojitungia njia yao ya kushuka kwa kutumia GPS mpaka waione ardhi, na hiyo ni kamari. Kifaa cha maana zaidi hapo ni petroli ya kutosha kurudi kwenye uwanja wenye mitambo.

Barafu ya mabawa

Katika ukanda wa tropiki, kiwango cha kuganda kipo takriban mita 4,500 hadi 5,000 juu ya usawa wa bahari, kimo ambacho Cessna 172 haifiki. Kwa hiyo mitambo ya kuondoa barafu, inayotangulia katika orodha za Ulaya na Amerika ya Kaskazini, Afrika Mashariki huja mwishoni, isipokuwa kwa ndege zenye injini za tabo zinazopanda juu zaidi.

Mitambo yenyewe ni ya aina mbili. Upo ukanda wa mpira kwenye ukingo wa bawa unaojazwa hewa na kuvunja barafu iliyoshika, na upo mfumo wa TKS, uliotokana na kazi ya Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, unaochuruzisha kimiminika cha glaikoli kupitia matundu madogo sana ili barafu isishike. Barafu yenye unene na ukwaruzo wa msasa tu inaweza kupunguza mnyanyuo wa bawa kwa asilimia 30 na kuongeza ukinzani kwa asilimia 40. Hata Caravan yenye mitambo hiyo ina mipaka: mwaka 2006 FAA ilipiga marufuku marubani wake kuendelea na safari wakikutana na barafu ya kiwango cha wastani au zaidi.

Mkono wa tatu

Kwa rubani anayeruka peke yake, mtambo wa kuiendesha ndege wenyewe ni mkono wa tatu, kwani humwezesha kusoma ramani na kuzungumza na waongoza ndege bila kuiachia ndege iiname. Lakini ni lazima akumbuke kuuwasha. Julai 16, 1999, John F. Kennedy Mdogo, mkewe na shemeji yake walikufa walipoanguka baharini karibu na kisiwa cha Martha's Vineyard usiku wenye utusitusi. Ndege yao aina ya Piper Saratoga ilikuwa na mtambo huo. NTSB ilieleza kuwa rubani alipotewa na mwelekeo.

Matairi yenye vifuniko vya urembo yanafaa kwa lami. Kwenye viwanja vya murramu wakati wa mvua, mafundi huviondoa, kwa kuwa matope hujazana ndani yake na kulikaba gurudumu.

Mwisho ni kisemeo cha dharura, kinachotuma ishara ndege inapoanguka. Tangu Februari 1, 2009, setilaiti za mfumo wa Cospas-Sarsat haziisikilizi tena ishara ya zamani ya megahezi 121.5, bali ile ya 406 pekee. Kisemeo cha zamani bado kinaweza kusikika kwa ndege inayopita karibu, ilimradi iwepo na iwe inasikiliza. Mmiliki hujua alicho nacho kwa kusoma kibandiko kilicho kwenye kifaa chenyewe, kwa kawaida nyuma kabisa kuelekea mkiani, pamoja na tarehe ambayo betri yake inapaswa kubadilishwa.